Land Cruiser ya zamani: kabla ya kuuliza kama inakimbia

Bandugu, watu wakiona Land Cruiser ya zamani yenye ilitengenezwa upya, rangi inang'aa, wanauliza: "Inakimbia?" Mimi najibu: uliza kwanza kama inasimama.

Wamarekani wakizungumza juu ya gari za zamani za nguvu, wanataja Pontiac GTO ya 1964, mota V8 ya litri 6.4. Nguvu ile ni ya kukimbia ku barabara nyoofu. Huku kwetu Kivu, gari ya zamani yenye watu wanatunza ni Land Cruiser ya aina ya 40, yenye Toyota ilitengeneza tangu 1960 mpaka 1984. Nguvu yake ni ya kupanda na kubeba. Mimi naendeshaga BJ40 ya mjomba wangu, mota ya mazutu, silinda 4, litri 3. Tunapelekea nayo wakulima wa plaine ya Ruzizi mbegu.

Asubuhi ya baridi hauanzishi mara moja. Unangojea kwanza mota ipate moto ndani, kisha unazungusha ufunguo na gari nzima inatetemeka. Volani haina msaada: gari ikiwa imesimama, mabega ndiyo yanafanya kazi. Ikitembea inakuwa nyepesi, lakini unakata kidogo na magurudumu yanachelewa kujibu, kwa hiyo mikono hailale. Resori ni za malame, vyuma virefu vyenye kupangwa kimoja juu ya kingine. Bila mzigo inaruka kama mbuzi. Weka magunia nyuma, inatulia. Ku mlima, vitesi ya pili, inavuta polepole bila kulalamika. Utamu wake ni pale: unasikia udongo, jiwe na matope vinapita mu mikono yako.

Sasa tuje ku mambo ya kusimama. Kutoka Bukavu kwenda Kamanyola unashuka Ngomo, mlima upande moja, korongo upande ingine. Gari yetu iko na freni za tambura ku magurudumu yote 4. Tambura ni kama ngoma ya chuma yenye kuzunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga, garnitiri za ndani zinasukumwa ku ukuta wake. Msuguano unazaa moto. Ukikanyaga bila kuachia, chuma kinapanuka, kinaenda mbali na garnitiri, nazo zikiungua hazishike tena vizuri. Mguu unakanyaga, gari inaendelea. Freni za diski zinapoa haraka juu ziko wazi ku upepo. Tambura imefunga moto ndani.

Ndiyo maana kanuni ya wazee: shuka na vitesi ile ungepanda nayo. Ichague mbele ya mteremko, si katikati. Mota ndiyo inashika gari, freni inasaidia tu: kanyaga, punguza mwendo, achia, acha ipoe. Wenye kuweka pwemo ili kuokoa mazutu wanatenganisha mota na magurudumu, kisha mzigo wote na watu wote wanabaki juu ya garnitiri. Na ukivuka maji, kanyaga kidogo-kidogo ukitembea polepole, tambura zikauke mbele ya kuzitegemea.

Mjomba alitaka tuanze na rangi, juu ya arusi ya binti yake. Mzee wa garaji alikataa: "Rangi haisimamishe gari." Pesa ya kwanza ilienda ku garnitiri, mipira ya freni na pompi yake, ya pili ku volani, kisha mota. Arusi ilifika gari ingali na mabaka, na mjomba alinuna. Lakini tangu pale tumeshuka Ngomo mara mingi, magunia nyuma, watu watatu mbele, na tumefika.

Kwa hiyo ukitaka kununua moja, usitosheke na kuisikiliza ikinguruma mu kiwanja. Omba mwenyewe mushuke naye mteremko, gari ikiwa na mzigo. Akikataa, umeshapata jibu.