Ng'ombe Mzima kwa Macho, Mgonjwa wa Mapafu

Sisi askari wa jeshi na polisi, tulindao mipaka na kurejesha ng'ombe walioibwa, hatuna budi kuijua homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, nao huenea kwa pumzi, mnyama mgonjwa akohoapo karibu na wenzake. Ng'ombe aliyepona aweza kubaki na kipande cha pafu kilichokufa, kimefungwa ndani ya utando mgumu, na bakteria wangali hai humo kwa miezi mingi. Anakula, ananenepa, wala hashukiwi. Dawa za sindano hutuliza dalili, lakini hazihakikishi kuwa bakteria wamekwisha.

Mwaka 1995 ugonjwa huu uliingia kaskazini-magharibi ya Botswana. Mwaka uliofuata, ili kuung'oa, serikali ililazimika kuwaua ng'ombe wapatao 320,000 wa Ngamiland, wagonjwa kwa wazima.

Basi tukamatapo ng'ombe wasio na kibali, tusiwachanganye na makundi ya wananchi. Tuwatenge, kisha tumwite mganga wa mifugo. Mwenye mali atanung'unika kwa kucheleweshwa. Heri manung'uniko ya leo kuliko zizi tupu kesho.