Mchezo Usiomwacha Mama Akitazama

Mara nyingi familia inapokwenda kucheza, mama huenda kutazama. Baba na vijana hufukuza mpira, nasi hubaki mkekani tukilinda viatu, chupa ya uji na mtoto mchanga. Jioni tunarudi nyumbani tumechoka kama siku ya kazi. Ndiyo maana mwezi huu tumependa kuzungumzia mchezo ambao mama naye ana zamu yake: gofu ya visahani.

Gofu hii haina fimbo wala mpira mdogo. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kwa mkono, akilenga kikapu cha chuma kilichofungwa kwenye mlingoti. Juu ya kikapu huning'inia minyororo ya kukinasa kisahani. Kila kituo huitwa shimo, ingawa ardhini hakuna shimo lolote. Unarusha, unatembea mpaka kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo. Aliyerusha mara chache zaidi mpaka mwisho ndiye mshindi.

Uwanja mmoja mzuri wa mchezo huu uko katika mji wa San Francisco, Marekani, ndani ya bustani ya umma iitwayo Golden Gate Park. Bustani hiyo ina zaidi ya eka 1,000. Ilipoanza kutengenezwa katika miaka ya 1870, sehemu kubwa ilikuwa vilima vya mchanga vilivyopigwa na upepo wa Bahari ya Pasifiki. Watu walipanda miti kwa subira, mwaka baada ya mwaka. Leo mashimo 18 yamepangwa chini ya misonobari na mikaratusi, jamii ya ile tunayoijua huku kwetu kwa kuni na nguzo. Katika miezi ya Juni hadi Agosti ukungu wa baharini huingia kati ya matawi, na mtu hucheza akiwa amevaa sweta. Kiingilio hakuna. Wachezaji wa mji huo hujitolea kuutunza uwanja.

Je, mchezo huu una faida gani kwa familia? Kwanza, hauhitaji nguvu nyingi. Kisahani kinachorushwa kwa hasira hupinda na kuishia vichakani. Kinachorushwa kwa utulivu hufika mbali. Hivyo baba anaweza kushindwa na binti yake wa miaka kumi, na wote wakacheka. Wala tusiseme ni mchezo wa wanaume: Kristin Tattar wa Estonia alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake mwaka 2022 na tena mwaka 2023.

Pili, watu hutembea pamoja. Kumaliza mashimo 18 huchukua kama saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kutembea. Hapa ndipo tunapoona faida kubwa kuliko zote. Kijana wa miaka kumi na minne, ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja tu, akitembea ubavuni mwa mama yake kutoka shimo hadi shimo huweza kuanza kusema mwenyewe. Hakuna anayemkazia macho wala kumhoji. Mnatafuta kisahani majanini, na maneno yanakuja. Akina mama, tunajua jinsi maneno hayo yanavyoadimika watoto wanapokua.

Tatu, mama hupata zamu yake. Baba akirusha, mama amshike mtoto; mama akirusha, baba apokee.

Tahadhari ni moja. Kisahani cha mchezo huu ni kigumu na ukingo wake ni mwembamba, kinaweza kumuumiza mtu. Bustani ni ya wote, kwa hiyo tuwafundishe watoto kutazama mbele kwanza, na kusubiri wapita njia wapite.

Huenda msomaji akauliza, "Sisi tusio na uwanja tufanyeje?" Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu huko California mwaka 1975, na baadaye akabuni vikapu vya minyororo. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilenga miti, nguzo, hata mapipa ya taka. Nasi tunaweza kuanza walipoanzia wao. Mfuniko wa ndoo ndogo ya plastiki unaruka vizuri. Funga kitambaa chekundu kwenye shina la mwembe, kingine kwenye nguzo ya uzio, kisha weka tenga karibu na mlango wa jikoni liwe shimo la mwisho. Hesabuni kwa sauti, na mtoto mdogo kuliko wote aanze kurusha. Chagueni jioni moja ya juma, mkubaliane kwamba vyombo vitaoshwa baadaye, na watakaoshindwa ndio watakaoviosha.