Lubumbashi: kazi ya uuguzi inapatikana haraka, mshahara unabaki njiani

Mjini Lubumbashi, kijana anayetoka shule ya uuguzi na diploma mkononi mara nyingi hakai sana nyumbani. Vituo vya afya ni vingi, kutoka Katuba mpaka Ruashi, wagonjwa hawakosi, na mkuu wa kituo hakatai mikono ya ziada. Kijana anaandika barua, anaambatanisha nakala ya diploma, anapewa zamu. Anavaa koti jeupe, anachoma sindano, anakesha usiku. Kwa majirani na kwa watu wa kanisa lake, huyo amekwisha kupata kazi. Swali la nani atamlipa, na lini, ndilo linalochukua miaka.

Katika Katanga neno "kazi" lina uzito wake. Kwa vizazi vingi, mtu mwenye kazi alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye mtu wa Gécamines: mshahara wa kila mwezi, nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Mengine yote yalikuwa kujitafutia. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya familia hizo, na katika jina la kitabu aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, Gécamines ilianza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa "départs volontaires" uliogharamiwa na Benki ya Dunia.

Watoto na wajukuu wa watu hao ni miongoni mwa wanaojaza leo vyumba vya masomo vya ISTM, shule kuu ya mbinu za utabibu, na vya ISES, shule kuu ya masomo ya kijamii. Wazazi walipiga hesabu rahisi: shimo la shaba linaweza kufungwa, lakini watu hawataacha kuugua. Hesabu hiyo ni sahihi upande wa kazi. Upande wa malipo ina tundu.

Watatu kwenye zamu moja

Ili kuelewa tundu hilo, inafaa kutazama chumba kimoja cha wagonjwa katika hospitali yoyote ya serikali. Wauguzi watatu wanafanya zamu moja, wana diploma ya ngazi moja, wanagawana vitanda. Wa kwanza ana namba ya matrikule: anapokea mshahara wa serikali na primu ya hatari. Wa pili jina lake liko kwenye orodha ya primu tu. Wa tatu ni "nouvelle unité", au NU kama wanavyosema wenyewe: ana barua ya kupangiwa kazi, lakini jina lake halijaingizwa kwenye malipo huko Kinshasa. Serikali haimpi chochote.

Huyu wa tatu anaishi kwa kitu kinachoitwa "prime locale". Pesa ambazo wagonjwa wamelipa kwa karatasi, kwa maabara, kwa kitanda na kwa kuzaa zinakusanywa, gharama za hospitali zinatolewa, na kinachobaki kinagawanywa mwisho wa mwezi. Mwezi wenye wagonjwa wengi wenye uwezo, mgawo unaonekana. Mwezi mbaya, mgawo unatosha nauli tu. Kwa maneno mengine, mwajiri wa kweli wa muuguzi huyo ni mama wa Katuba aliyeleta mtoto mwenye malaria. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepona anaweza kuzuiwa hospitalini mpaka ndugu walipe deni. Anayemzuia si lazima awe na roho mbaya. Huenda naye ana kodi ya nyumba na hana mshahara.

Hapo inaonekana pia ugumu wa huduma za bure. Serikali ilianzisha uzazi bila malipo huko Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na hakuna anayeweza kulaumu jambo hilo. Lakini pale ambapo mama halipi tena, ni lazima serikali ilipe badala yake, na ilipe kwa wakati. Ikichelewa, pengo linaingia moja kwa moja kwenye mgawo wa NU.

Kwa nini jina halipandi kwenye orodha? Sababu moja haizungumzwi sana: wazee hawaondoki. Pensheni ya mtumishi wa serikali ni ndogo na haina uhakika, hivyo muuguzi aliyefikisha umri wa kustaafu anashikilia nafasi yake, na kijana anangoja nyuma yake. Mafaili nayo yanasafiri kwenda Kinshasa, ambako huhesabiwa upya kila inapotangazwa operesheni ya kufuta majina hewa. Katika operesheni kama hizo, jina la kweli pia linaweza kupotea.

Haikuwa hivi siku zote. Hospitali kubwa ambayo watu wa Lubumbashi wanaiita "Sendwe" tu ina jina la Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat aliyeuawa mwaka 1964. Kabla ya siasa alikuwa "assistant médical", cheo cha juu kabisa ambacho Mkongomani aliweza kufikia katika utabibu wakati wa Wabelgiji. Baada ya uhuru, shirika la afya duniani, OMS, liliwapeleka makumi ya watu wa cheo hicho Ufaransa wamalizie masomo ya udaktari. Walikuwa wachache, na mtu aliweza kuwahesabu kwa majina.

Leo kuna A2 wanaotoka shule za sekondari za utabibu, A1 wenye gradua ya miaka mitatu, na A0 waliosoma mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 umeongezwa mfumo wa LMD, ambamo lisanse inachukua miaka mitatu. Mzazi aliyelipia miaka mitano zamani na yule anayelipia mitatu sasa wataona neno lilelile kwenye diploma ya mtoto. Tarehe 15 Julai 2016 zilitolewa sheria mbili: moja ya kuunda Ordre ya wauguzi, nyingine ya kupanga hali ya watumishi wa serikali. Kwa ile ya kwanza, muuguzi anatakiwa kujiandikisha kwenye Ordre ndipo afanye kazi. Wajibu wake uko wazi kuliko malipo yake.

Barabara ya Kolwezi

Wenye bahati, au wenye ndugu mahali panapofaa, wanachukua barabara ya Likasi, Fungurume na Kolwezi. Migodi inahitaji wauguzi, na mara nyingi inawachukua kupitia kampuni za huduma. Malipo ni kwa dola, na kwa NU aliyezoea mgawo wa hospitali, tofauti ni kubwa. Lakini mkataba una miezi, si miaka, na kazi yenyewe ni ya aina nyingine: kupima pombe kwenye lango, kufunga vidonda, kuangalia vifaa vya msaada wa kwanza, kukaa tayari kwa ajali. Muuguzi aliyejifunza kuzalisha anaweza kumaliza mwaka bila kushika mtoto mchanga hata mmoja. Mkataba ukiisha anarudi Lubumbashi na akiba kidogo na mikono iliyosahau.

Wahitimu wa ISES, "assistants sociaux", wana njia yao, na ni nyembamba zaidi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inawapa nafasi kando ya mahakama za watoto, lakini ofisi za serikali za mambo ya kijamii zina foleni ileile ya matrikule. Nyumba kama Bakanja ya mapadri Wasalesiani, inayopokea watoto wa barabarani, zinahitaji watu wa fani hii, ila haziwezi kuwachukua wote. Mlango mpya umefunguliwa na sheria ya madini ya 2018: kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kukubaliana nazo kwa maandishi. Mtu anahitajika wa kuzungumza na wanakijiji. Mara nyingi mtu huyo ni mhitimu wa masomo ya kijamii, na anayemlipa ni kampuni. Kijiji kikilalamika kwamba kisima hakitoi maji, yeye ndiye anayesimama mbele yao, na mkataba wake uko mfukoni mwa upande wa pili.

Miradi ya mashirika ilikuwa tegemeo la wengi. Haut-Katanga ni mojawapo ya majimbo matatu, pamoja na Kinshasa na Lualaba, ambako mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uliweka nguvu zake. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kazi zilizotegemea pesa hizo zikayumba kwa siku chache tu. Wengine wamefungua duka dogo la dawa, au dispensere ya vitanda viwili nyumbani, kwa kufuata ile "ibara ya 15" ambayo kila Mkongomani anaijua bila kuisoma.

Iko njia moja ambayo vijana wa mjini hawaitaki. Katika vituo vya afya vya mbali, upande wa Kilwa, Pweto au Mitwaba, mkubwa wa kituo si daktari, ni muuguzi, IT. Anapima, anaandika dawa, anazalisha, anatunza chanjo na daftari, na kijiji kizima kinamwita "docta". Kwa A1 mwenye miaka 25, hakuna mahali pengine atakapotumia masomo yake yote namna hiyo. Lakini tangu 2011 mishahara ya serikali ilipoanza kupitia benki, mwenye matrikule anaweza kulazimika kusafiri kufuata pesa zake, na barabara za Mitwaba zimejulikana kwa muda mrefu kwa watu wenye silaha. Asiye na matrikule anagawana karo za wagonjwa wanaolipa kwa kuku na mihogo.

Hivyo kituo kinabaki na mzee mmoja wa A2 karibu na ziwa Moero, wakati hospitali za Lubumbashi zinaendelea kupokea barua za maombi.