Rufiji Chini ya Bwawa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere. Leo tushuke chini ya ukuta, tuelekee Utete, Ikwiriri na delta, kwa wale ambao mto ndio kalenda yao.

Kabla ya bwawa, Rufiji ilifurika masika yakikolea, kisha ikapungua taratibu hadi Oktoba na Novemba. Maji yakitanda bondeni, mpunga ulistawi. Yakirudi mtoni, Warufiji walipanda mahindi kwenye udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho ndicho mlau, nacho hakikuhitaji mbolea ya dukani, kwa kuwa tope la mafuriko lilitosha. Maziwa madogo ya bondeni, kama Zumbi na Utunge, yalipata samaki wapya kila mto ulipoyafikia.

Ukuta ulifungwa Desemba 2022. Ziwa lililo nyuma yake linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 inataka maji mwaka mzima. Kwa hiyo maji ya masika hushikwa, yakaachiwa kidogo kidogo hadi kiangazi. Ukiondoa yanayopotea kwa mvuke, jumla ya mwaka haipungui sana. Kinachobadilika ni wakati wake, na kwa mkulima wa mlau wakati ndio kila kitu: mafuriko yasiyofika Aprili hayafidiwi na mto uliojaa Septemba.

Tope nalo hutuama ziwani. Maji yanayotoka mitamboni ni maangavu, hukwangua kingo na sakafu ya mto badala ya kuzijenga, na mikoko ya delta, iliyo mingi kuliko kwingineko kokote Tanzania, hukosa udongo wa kuikinga na bahari.

Wengi wanaamini kwamba bwawa humaliza mafuriko. Hupunguza yale ya kawaida, lakini ziwa likishajaa halina nafasi ya kupokea mvua kubwa, ni lazima milango ifunguliwe. Mwenye umeme anataka ziwa lijae, mwenye shamba anataka pabaki nafasi. Watu wa Rufiji na Kibiti waliofurikiwa Aprili 2024 wanaujua uzito wa jambo hili.

Nausihi uongozi wa bwawa utenge kila masika kiasi cha maji ya kufurisha bonde kwa makusudi, na ratiba ya kuyaachia ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kabla mkulima hajapanda.