Je, Wajua? Mbaazi na Mtama Shamba Moja
Katika nyanda kame za Dodoma, ambako ardhi ni dhaifu na mvua ni ya msimu mmoja tu, mkulima apandaye mbaazi kati ya mistari ya mtama ana hekima kubwa, kwani naitrojeni, iliyo asilimia 78 ya hewa, haiifai nafaka mpaka igeuzwe, na kazi hiyo hufanywa na bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi ya mbaazi. La ajabu zaidi, mizizi hiyo hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, basi haihasimiani na mtama. Na aghalabu manufaa ya naitrojeni hudhihirika msimu ufuatao, majani yaliyopukutika yakishaoza.