Kijiji kando ya Lualaba: kesho yake inapita kwetu mjini



Tukishuka bandarini hapa Kindu asubuhi, tunakuta mitumbwi imefika na mchele, mawese, ndizi na samaki wa moshi. Tunauliza bei, tunaomba kupunguziwa, tunanunua, tunarudi nyumbani kupika. Ni mara chache tunamuuliza mama anayeuza: umelala wapi njiani? Umewaacha watoto na nani?

Mimi nilifundisha miaka minne katika kijiji kimoja ambako mitumbwi hiyo inatoka, upande wa kushuka mto, kati ya Kindu na Ubundu. Leo napenda kuwaeleza namna watu wanavyoishi kule, na jambo moja ambalo sisi wa mjini tunaweza kulitengeneza bila kungoja mtu.

Mto ndio barabara

Kutoka Kindu mpaka Ubundu, Lualaba ni njia ya maji ya karibu kilometa 300. Kuanzia Ubundu, maporomoko saba ya Boyoma yanafunga njia mpaka Kisangani, na ndiyo sababu reli ya kilometa 125 ilijengwa pale zamani. Kijiji chetu kiko katikati, mbali na miji yote miwili. Ukipanda mto kwa kasia mpaka Kindu, utalala njiani usiku mbili au tatu. Boti lenye motere ni haraka zaidi, lakini boti halina siku yake. Linapita likiwa na mzigo na mafuta. Kuna juma linapita mara mbili, kuna mwezi mzima tunasikiliza tu.

Katika miaka ile sikulala njaa hata siku moja. Wanaume wanatega nyavu usiku. Wamama wanalima mihogo, karanga na mpunga, ule mpunga uliokuja Maniema na wafanyabiashara Waswahili wa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Sombe iko nyuma ya nyumba, mawese yako msituni. Mgeni akifika, anakula kabla ya kuulizwa habari.

Kinachokosekana ni feza mkononi. Mnunuzi akishuka kutoka kwenye boti, yeye ndiye anayetaja bei, kwa sababu samaki haingoji boti lingine. Nimeona samaki wa juma zima wakibadilishwa kwa chumvi, sabuni na kikwembe kimoja.

Na bado wamama hawaachi biashara. Katika mto huu soko ni lao tangu zamani. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa sana, na wengi waliokuja kuuza walikuwa wanawake. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko lile, na mamia ya watu walikufa, wengine majini wakijaribu kukimbilia mitumbwi. Wajukuu wao wanaendelea kupiga kasia na kuja kutuuzia.

Pipa la mchele

Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Muuguzi wa kituo cha afya alisema: huyu anahitaji upasuaji, apelekwe hospitali. Motere ilikuwapo, ila mafuta hayakuwapo. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukikusanya makopo ya mafuta mpaka jua likachwa. Mama aliponea, mtoto hakuponea.

Baada ya matanga, wamama walikaa chini. Likelemba waliijua, lakini kila mmoja alikuwa akichukua zamu yake na kuitumia nyumbani. Safari hii waliongeza pipa. Kila siku ya soko, kila mama anatia kopo moja la mchele. Pipa likijaa, linauzwa Kindu, na feza inanunua mafuta ambayo hayaguswi isipokuwa kwa mgonjwa. Mtunza mafuta ni mama mmoja mzee ambaye hata shefu wa kijiji hawezi kumshawishi. Kabla sijaondoka, mafuta yale yalikuwa yamepeleka wagonjwa watatu, na wote watatu walirudi.

Naeleza hili ili tusidhani kwamba watu wa kule wamekaa wakingoja msaada. Lakini kuna mlango mmoja ambao pipa la mchele haliufungui peke yake.

Baada ya darasa la sita

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali, na kwetu madarasa yalijaa, wasichana pia. Shida inaanza baada ya mtihani wa kumaliza darasa la sita. Sekondari iko mbali, na ina gharama zake. Mvulana anaondoka na mkeka, analala popote. Msichana anahitaji nyumba.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za pipa, maana wamama wengi hawakusoma. Alifaulu vizuri. Mama yake aliuza mbuzi wawili, akampeleka mjini kwa mama yake mdogo. Kijiji kizima kilishuka mtoni kumsindikiza.

Mwaka uliofuata nilikuja mjini kwa mambo ya mshahara, nikamkuta njiani saa nne asubuhi, beseni la mandazi kichwani.

«Na masomo?»

«Madamu, nitaanza mwaka ujao. Mama mdogo alisema nimsaidie kwanza.»

Nilikwenda kumwona yule mama mdogo. Si mtu mbaya. Ana watoto watano, mume hana kazi, na msichana alifika na nguo zake tu. Alijiambia: anakula kwangu, basi asaidie. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusema hivyo? Lakini mwaka ujao haukufika. Msichana alirudi kijijini bila hata buletini moja, na tayari watu walikuja kumposa. Alikuwa na miaka kumi na tano. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza ndoa chini ya miaka 18, na mama yake alikataa posa, lakini ilibidi akatae mara tatu.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: mwaka ule wasichana wanne walifaulu, na hakuna aliyeondoka. Mama zao waliniambia, «Madamu, kuuza mandazi si hata hapa wanaweza?» Sikupata jibu.

Mapatano ya watu watatu

Mwaka uliofuata wamama walijaribu tena, kwa njia nyingine. Msichana hakupelekwa mikono mitupu. Alikwenda na gunia la mchele na bidoni ya mawese, na pipa likaahidi kufanya hivyo kila boti la mwanzo wa muhula. Mama yake alisafiri naye, wakakaa na mwenye nyumba na msichana mwenyewe, wakasema kila jambo waziwazi: nani analipa shule, kazi gani atafanya nyumbani, saa gani anaachwa asome, na kwamba buletini itapelekwa kijijini. Msichana yule sasa yuko mwaka wa pili wa sekondari. Buletini zake zinasomwa sokoni kwa sauti.

Wamama, wengi wetu tuna mtoto wa ndugu nyumbani. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Tumwangalie leo. Je, ana daftari? Jioni anapata saa moja ya taa? Mama yake kule mtoni anajua anasoma mwaka wa ngapi? Na wewe unayempeleka mtoto, usimpeleke kimyakimya. Kaa chini, patana, tuma hata kidogo. Mzigo unaosemwa hauwi chuki.

Yule wa kwanza, aliyeuza mandazi, sasa ana miaka kumi na saba. Bado anaandika hesabu za pipa. Alinitumia barua kwa boti, akiuliza kama amezeeka mno kukaa na watoto wa mwaka wa saba. Nilimjibu kwamba hajazeeka. Gunia lake la mchele wamama wameshalitenga.

Mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa. Kinachokosekana ni nyumba. Mama mwenye nafasi aniambie kwenye mkutano wetu.