Kutafuta Hitilafu katika Mawasiliano Yasiyotumia Waya

Miteremko ya kusini ya Mlima Meru hupata mvua nyingi, ilhali Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki, ni pakavu. Kipimamvua kimoja kilichopo mjini Arusha, basi, hakiwezi kueleza hali ya mlima mzima. Siku hizi vipimo vya mbali vyaweza kusomwa na maikrokontrola, yaani chipu moja iliyo kompyuta ndogo, kisha vikatumwa kwa redio hadi kompyuta ya shule. Lakini ujumbe ukipotea njiani, siku ya mvua yaweza kuhesabiwa kuwa siku ya ukavu.

Mawasiliano yakikatika, redio ndiyo hulaumiwa kwanza. Hata hivyo ujumbe hupitia pingili nyingi, na hapana budi kila pingili ichunguzwe peke yake.

Kwanza, redio iondolewe, na maikrokontrola iunganishwe na kompyuta kwa waya. Zikitokea herufi zisizosomeka, yamkini pande mbili hazikupangiwa kasi moja: upande mmoja hutuma biti 9,600 kwa sekunde, na mwingine husoma kana kwamba ni 115,200.

Pili, uchunguzwe umeme. Redio ya Wi-Fi inapotuma yaweza kuhitaji miliampia 300 au zaidi kwa muda mfupi sana. Betri ikiwa dhaifu, volti hushuka na maikrokontrola huanza kazi upya. Baridi ya mlimani huzidisha udhaifu huo. Kwa hiyo chombo kinachofanya kazi mchana na kunyamaza alfajiri kijaribiwe kwanza kwa betri mpya.

Tatu, redio zirudishwe, zikiwa mita chache baina yao. Zikiwasiliana hapo na kushindwa mbali, kasoro imo njiani. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi. Hayapenyi mlima ulio kati ya Ngarenanyuki na Arusha, na majani ya migomba, yaliyojaa maji, huyafyonza. Hata mahali peupe, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Eriali iinuliwe juu ya majani, au yatumiwe mawimbi marefu zaidi. Na mlima ukizuia, pawekwe kituo cha kupokezana.

Mwisho, kila ujumbe upewe namba. Kompyuta ikipokea wa 41 kisha wa 43, mwanafunzi ataacha wazi nafasi ya 42 katika daftari lake, wala hataandika sifuri.